Kazi za Hospitali si Udaktari Peke Yake

Wazazi wengi wa Goma, wakiulizwa mtoto wao afanye kazi gani baada ya masomo, hujibu upesi: "Awe daktari." Tamaa hiyo ni njema. Lakini kijana akiingia katika maabara, au katika karakana ya viungo vya bandia, mbona twamwona kama mtu aliyeshindwa?

Tuyakumbuke ya mwaka 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Goma, naye alikuwa mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo. Hakuna daktari awezaye kuitambua Ebola kwa macho tu, kwa kuwa mwanzoni homa yake hufanana na malaria. Jibu hutoka kwa mtu wa maabara, aipimaye damu ambayo yaweza kumwua yeye mwenyewe. Ni jibu hilo lililofanya waliokutana na mgonjwa watafutwe na kuchanjwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287.

Siku za kawaida kazi yake haina sifa: tone la damu, kioo, hadubini. Hata hivyo ndiye apimaye kundi la damu kabla mama aliyejifungua hajaongezewa. Na akikosea, damu iliyotolewa kwa kuponya yaweza kuua.

Upo pia ufundi mwingine ambao vita vimetufundisha kuuheshimu. Mwezi wa Januari 2025 hospitali za mji wetu zilijaa majeruhi. Mganga hukata mguu ili aokoe uhai, kisha majeruhi hubaki na kitanda chake na mawazo yake. Hapo huingia fundi. Katika kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma, kilichosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, mafundi hutengeneza miguu ya bandia. Fundi huchukua umbo la kigutu kwa plasta, hutengeneza mguu wa plastiki, huujaribisha, huukwangua tena mpaka usiumize. Baadaye mtaalamu wa viungo humfundisha mtu kusimama, kugeuka, kupanda ngazi. Kwa mtoto kazi haimaliziki upesi: yeye hukua na mguu wake haukui, basi hurudi kila baada ya miezi kutengenezewa mwingine.

Wala wasaidizi hao si wapya. Kongo ilipojitawala mwaka 1960 haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja. Hospitali zilishikwa na wauguzi na wasaidizi wa waganga, na baadhi yao wakapelekwa Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, akimheshimu mganga hakumsahau mchanganya dawa.

Wazazi wapendwa, msichana apendaye kemia asizuiliwe kwa sababu tu ni msichana. Zipo shule za ITM katika masomo ya sekondari, na kwa wenye diploma ya Serikali ipo ISTM ya Goma. Shule za namna hii ni nyingi, wala zote si sawa. Kabla ya kulipa karo, ombeni kukiona kibali chake. Kisha waulizeni wakuu wake kama wanafunzi wana hadubini za kutosha, na ni katika hospitali gani wanafanyia mazoezi.