Tundu Kwenye Ua

Wanangu, mbuzi wakikutwa nje alfajiri, mchungaji mzoefu haanzi kwa kuwafukuza. Huenda kwenye ua. Hulizunguka zizi zima akiinama, akikagua miba, mpaka alione tundu walilopitia.

Naanzia zizini kwa sababu ya binti mmoja wa Kakuma aliyeniuliza kama uvimbe ukishakuwa mkubwa sana ndiyo saratani. Sivyo, na sisi wa Turkana tungepaswa kulijua hilo kuliko watu wengi. Tegu la mbwa limetusumbua miaka na miaka. Mtu humeza mayai yake bila kujua, kisha lengelenge lenye maji humkulia polepole ndani ya ini, hata tumbo likavimba mno. Eneo hili liliwahi kuhesabiwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani, na mwaka 1983 shirika la AMREF likaanza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo. Lengelenge lile ni hatari kweli, hasa likipasuka. Lakini lina ukuta wake, na linapokua huwasukuma tu majirani. Saratani haisukumi tu. Inatoboa.

Sasa shikeni shingo zenu, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo imekaa tezi ya thairoidi, umbo lake kama kipepeo, inayotengeneza homoni kwa kutumia iodini. Ndiyo maana chumvi ya mezani hapa Kenya hutiwa iodini kwa sheria: ikikosekana, tezi huvimba, nasi tunasema fulani ana rovu. Rovu si saratani.

Wakati mwingine huota kinundu ndani ya tezi, kimezungushiwa utando mgumu kama zizi lilivyozungushiwa miba. Daktari hudunga sindano nyembamba, akavuta seli chache, mpatholojia akazitazama kwa hadubini. Vinundu vingi hutambulika hivyo. Ila ipo aina moja, ya folikula, ambayo humkwamisha hata bingwa, kwa kuwa seli zake za saratani hufanana mno na zile zisizo na madhara. Ni sawa na kuletewa mbuzi watatu mikononi ukaulizwa kama ua wa nyumbani kwao umetoboka. Utajuaje? Kinundu sharti kikatwe, kisha utando wake ukaguliwe pande zote. Ukiwa mzima, mgonjwa ana uvimbe tu. Seli zikionekana zimeupenya, au zimeingia kwenye mshipa wa damu, hiyo ni saratani.

Nani basi huwafundisha mbuzi kutoboa? Katika aina ya saratani ya thairoidi iliyo ya kawaida zaidi, ya papila, mara nyingi mchochezi ni jeni iitwayo BRAF. Jeni ni maagizo ya kutengeneza protini, na protini ya BRAF ni mjumbe: akiamshwa, hupeleka habari kwamba seli igawanyike, kisha hulala. Protini hiyo imeungwa kwa vipande 766 mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi. Ushanga wa 600 ukibadilika, mmoja tu, mjumbe halali tena. Anapiga kelele usiku na mchana, na karibu nusu ya saratani za papila zina kosa hilohilo.

Kelele hizo haziongezi idadi ya seli tu. Seli za tezi kwa kawaida hushikana kwa protini iitwayo kadherini, kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Mjumbe asiyelala huamsha protini nyingine, ambayo wanasayansi wameipa jina la konokono (sijui walifikiria nini, maana hiyo haina upole wowote), nayo huzima utengenezaji wa kadherini. Kamba inalegea. Seli iliyokuwa imetulia mahali pake inarefuka na kuanza kutambaa. Halafu inamwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ua. Hapo tundu limepatikana.

Kutoka si kufika, lakini. Mnaujua mti wa mathenge, ambao wengi wenu mnauita etirae. Mbuzi hula maganda yake, mbegu hutoka kwenye kinyesi maili nyingi mbele, na inayoangukia kando ya mto Turkwel humea kuliko iliyoangukia mwambani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, aliandika jambo kama hilo kuhusu saratani: seli ni mbegu, kiungo ni udongo. Saratani ya papila hupenda kwenda kwenye tezi za limfu za shingoni. Ya folikula hupanda damu, ikaenda kumea mapafuni au mifupani.

Msiogope sana. Wengi wa wanaougua saratani ya papila hupona wakitibiwa mapema. Na seli hizi zina udhaifu mmoja mzuri: hata zikitoroka, nyingi bado zina kiu ya iodini. Mgonjwa hupewa iodini yenye mionzi, nazo hujinywea sumu hiyo zenyewe popote zilipojificha, kama mbuzi anayeitika mluzi wa mwenyewe hata akiwa porini.

Wapo mbuzi wasioitika. Zile kelele za BRAF zinaweza kuifanya seli isahau kuvuta iodini, na dawa ikapita bila kuigusa. Siku hizi zipo dawa za kumfunga mjumbe mdomo, na kwa baadhi ya wagonjwa zimefanya jambo lililonifurahisha mno mimi niliyekulia machungani: seli zilizokuwa zimeasi zilianza tena kuvuta iodini.