Mafuriko Dar: Lawama si za mvua peke yake

MVUA za masika zinapozidi jijini Dar es Salaam, wakazi wa mabondeni katika Wilaya za Kinondoni, Ilala na Temeke hukesha wakitazama maji. Kila msimu swali hurejea: je, haya ni mabadiliko ya tabianchi, au ni makosa ya binadamu aliyejenga katika njia ya maji?

Ukweli ni kwamba mambo hayo mawili hushirikiana.

Uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na ukataji wa misitu, huongeza hewa ya ukaa angani. Hewa hiyo hunasa joto la ardhi mithili ya blanketi. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420.

Joto la hewa likipanda kwa nyuzi moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, ndiyo maana mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Bahari nayo hutanuka ikipata joto na hupokea maji ya barafu inayoyeyuka. Kati ya mwaka 1901 na 2018, kina chake duniani kiliongezeka kwa wastani wa sentimita 20.

Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani. Hivyo, mkazi wa Jangwani analipa deni asilolikopa.

Hata hivyo, maafa hayaletwi na mvua pekee. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Maji yale yalipita katika Bonde la Mto Msimbazi, ambalo tangu zamani ni njia ya maji yatokayo vilima vya Pugu. Idadi ya wakazi wa mkoa ilipanda kutoka karibu milioni 2.5 mwaka 2002 hadi milioni 5.38 mwaka 2022. Mabati, lami na saruji vimefunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji, na taka zimeziba mitaro.

Ufukweni hali ni hiyo hiyo. Huko Kunduchi, bahari iliila Hoteli ya Africana katika karne iliyopita. Wimbi halikufanya kazi hiyo peke yake, kwani mchanga uliopaswa kuletwa pwani na mito ya Tegeta na Mbezi ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi. Wilayani Temeke, mikoko ya Mtoni inapokatwa, pwani hupoteza ngao yake.

Hatua zimeanza kuchukuliwa. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta wa kuzuia mawimbi kando ya Barabara ya Barack Obama, na chini ya mradi wa Bonde la Msimbazi wakazi wamelipwa fidia ili wahame.

Lakini ukuta haurudishi mchanga uliochimbwa, na fidia isiyotosha kupata makazi karibu na riziki humrudisha mtu bondeni. Kupunguza gesi hizo ni wajibu wa mataifa makubwa kwanza. Kulinda mto, mchanga na mkoko hakuhitaji kuwasubiri.