Kwa Paka, Wewe ni Nani?

Mwaka 1930 mwanasaikolojia wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mfugaji wa paka angefaa kulijua. Aliwagawa watoto wa paka katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilikua na mama aliyekuwa akiua panya mbele yao. La pili lililelewa katika upweke, bila panya. La tatu liliwekwa banda moja na panya tangu utotoni. Kisha akangoja aone nani angeua na nani asingeua. Katika kundi la kwanza, 18 kati ya 21 waliua. Katika kundi la pili waliua 9 kati ya 20. Katika lile lililokua na panya waliua 3 tu kati ya 18, na hao nao hawakuwagusa panya wa aina waliyolelewa nayo. Waliwaua wa aina nyingine.

Matokeo hayo yanastahili kufikiriwa kwa utulivu. Tumezoea kusema kwamba uadui wa paka na panya umo damuni, na kwa sehemu ni kweli: karibu nusu ya waliolelewa upweke waliua bila kufundishwa na yeyote. Lakini damu haikuamua peke yake. Nani ni kitoweo, nani ni mwenzangu, nani nimkimbie: paka huyajibu maswali hayo zaidi kwa kuangalia nani alikuwa karibu naye alipokuwa mchanga. Sisi binadamu tumo katika hesabu hiyohiyo. Hatuna nafasi maalumu tuliyotengewa tangu mwanzo.

Dirisha lenyewe la kujifunza hayo ni jembamba. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh, wa Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, aliwalinganisha watoto wa paka walioanza kushikwashikwa na watu wakiwa na wiki tatu na wale walioanza wakiwa na wiki saba. Wa wiki tatu waliwakaribia watu haraka na kutulia mapajani kwa muda mrefu. Wa wiki saba hawakuwa tofauti sana na wale ambao hawakuwahi kushikwa kabisa. Ndiyo maana wataalamu wengi hutaja kipindi cha wiki ya pili hadi ya saba kuwa ndicho kinachoamua paka atatuonaje maisha yake yote.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma paka wa masokoni na magatini. Paka aliyezaliwa chini ya meza ya muuza samaki, asiguswe na mkono wa mtu mpaka miezi miwili imepita, atajifunza saa ya mashua kutia nanga na ataijua harufu ya kila ndoo. Ukimtupia kichwa cha samaki atakichukua, lakini ukinyoosha mkono umguse atatoka mbio au atakuparura. Watu humwita mkali, mkosa shukrani, na wengine humrushia mawe. Ukali huo ni woga. Alipokuwa akijifunza nani ni wa kuaminiwa, mtu hakuwepo, na kila jiwe linalofuata linamthibitishia kwamba alifanya vyema kutoamini.

Kwa mbwa mambo ni yaleyale. Mwaka 2008 watafiti wa Tel Aviv, Feuerstein na Terkel, walichapisha uchunguzi wao wa nyumba zinazofuga paka na mbwa pamoja. Mapatano yalikuwa mema zaidi pale paka alipokutanishwa na mbwa kabla hajafikisha miezi sita, na mbwa kabla ya mwaka mmoja. Jambo lililonivutia zaidi ni lugha. Mkia unaopigapiga huku na huku kwa mbwa mara nyingi ni furaha, kwa paka ni hasira inayopanda. Hata hivyo wengi wa wanyama hao walikuwa wamejifunza kuielewa ishara ya mwenzao ilivyokusudiwa, hata pale ilipopingana na ya kwao.

Na panya, adui wa jadi? Hata naye hupimwa kwanza. Michael Parsons na wenzake waliweka kamera katika kituo cha kuchakata taka mjini Brooklyn, New York, palipokuwa na panya wengi na paka wasio na mwenyewe. Katika siku 79 kamera zilinasa matukio 20 tu ya paka kumnyemelea panya, na waliouawa walikuwa 2. Panya wa mji ule ni wakubwa na hupigana, na paka huona bora amwendee mnyama mdogo zaidi. Panya, kwa upande wao, walipunguza kujitokeza paka walipokuwepo, kwa hiyo mwenye nyumba huwaona wachache na kudhani wameliwa.

Sasa turudi kwa mtu ambaye paka ameshamkubali. Anamtambuaje? Jicho la paka limeumbwa kwa ajili ya giza na mwendo. Hutosheka na takriban sehemu moja ya sita ya mwanga tunaouhitaji sisi, lakini vitu vidogo vilivyotulia huviona kwa ukungu, na rangi nyekundu haimwambii mengi. Kwa hiyo hutegemea sana pua na sikio. Sikio lake hufikia sauti za zaidi ya hezi 60,000, huku letu likikomea karibu na 20,000, na milio mingi ya panya iko huko juu tusikokufikia.

Sauti yako anaijua. Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka walilithibitisha hilo nchini Japani mwaka 2013 kwa paka 20, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Waliwasikilizisha sauti za wageni watatu wakiwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na paka wakaonyesha kuchoka kidogo kidogo. Ilipofuata sauti ya mwenyewe, wakazindukana. Ila walizindukana kwa namna yao: sikio likageuka, kichwa kikaelekea upande ule, basi. Wachache mno waliinuka kumfuata aliyeita. Nadhani hapa ndipo sifa ya kiburi ilipozaliwa, na naiona si ya haki. Babu wa paka wetu ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mwindaji anayeishi peke yake. Mnyama wa namna hiyo hakuwahi kuhitaji kujitokeza kila anapoitwa, lakini kusikiliza kumemlinda siku zote.

Na anasikiliza kwa kina. Mwaka 2021 Saho Takagi na wenzake wa Kyoto walificha spika katika sehemu mbili mbalimbali. Paka alisikia sauti ya mwenyewe ikitoka mahali fulani, kisha punde si punde ikatoka mahali pengine ambapo mtu asingeweza kufika kwa muda ule. Paka walishtuka. Maana yake, hata pale wasipokuona, wanajua akilini uko wapi. Sauti ya paka mwingine ilipohamishwa vivyo hivyo, hawakuonyesha mshangao. Huko Ufaransa, Charlotte de Mouzon alionyesha mwaka 2022 kwamba paka huitofautisha sauti ya kudekeza tunayoitumia tunapoongea nao na ile ya kawaida, lakini pale tu inapotoka kwa mwenyewe. Mgeni akidekeza, hawajali.

John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Bristol anashikilia kwamba paka hututendea kama paka wakubwa wasio na ubaya. Mkia wima, kujisugua miguuni, kukukandakanda: yote haya paka huwafanyia paka wenzao au mama zao. Nyau ndiyo yenye historia tofauti, maana paka wazima kwa wazima hawanyauliani sana. Ni mlio wa mtoto kwa mama, nao wameuendeleza kwa ajili yetu.

Iwapo paka amezaa kwenu sasa hivi, wiki ya tatu ndiyo ya kuanzia. Washikeni watoto wake taratibu, kila siku, muda mfupi, mama yao akiwa ametulia. Na asiwe mtu mmoja tu: katika jaribio la mwaka 1967, watoto wa paka walioshikwa na watu watano hawakuwaogopa wageni kama walivyowaogopa wale waliomzoea mtu mmoja.