Msimamizi chipukizi wa sanaa huanza kazi nyuma ya mchoro

MCHORO wa karatasi una pande mbili, na msimamizi wa sanaa anayeanza kazi hufunzwa kuutazama kwanza ule upande ambao wageni wa jumba la maonyesho hawauoni kamwe.

Huko nyuma ndiko hupatikana saini iliyofifia, mwaka, bei ya zamani au jina la duka lililotengeneza fremu. Kwa michoro ya Uholanzi elimu hii ina historia ndefu. Mwaka wa 1921 Mholanzi Frits Lugt alichapisha mjini Amsterdam kitabu kikubwa cha mihuri ya wakusanyaji. Kwa mhuri mdogo pembeni mwa karatasi, mtaalamu anaweza kujua mchoro wa karne ya 17 umepitia mikono ya nani.

Jijini Nairobi mihuri ya aina hiyo ni adimu, kwa hivyo orodha hubeba mzigo wote. Katika makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway limesimama jumba la Nairobi Gallery, lililojengwa 1913. Enzi ya ukoloni lilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, mahali pa kuandikisha waliozaliwa, waliooana na waliofariki. Siku hizi linahifadhi sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Sehemu nyingine imo katika Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, Moi Avenue.

Murumbi, aliyeaga dunia 1990, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina yake katika miaka ya 1970, akitumaini pangekuwa taasisi ya utafiti. Nyumba hiyo ilibomolewa. Mkusanyiko ukishahama hivyo, ni maandishi pekee yanayoweza kusema kipi kilitoka wapi.

Kazi yenyewe haina fahari. Msimamizi hutumia penseli, kwani wino ukimwagika haufutiki. Hupima karatasi kwa milimita, huipa nambari, kisha huandika madoa, ukungu na matundu ya wadudu. Kadibodi ya bei nafuu nyuma ya fremu huwa na asidi ambayo hugeuza karatasi kuwa ya hudhurungi, na utepe wa kunata huacha alama ya manjano. Mwanga nao haufai kupita luksi 50, ambao ni hafifu kuliko wa ofisi ya kawaida. Wageni hulalamika kuwa chumba kina giza. Ni heri walalamike.

Katika vitongoji vya magharibi, shinikizo ni la soko. Circle Art Gallery ya Lavington ilianza minada ya sanaa ya Afrika Mashariki mwaka 2013, na mnunuzi wa mnadani hutaka kujua nani alimiliki kazi hiyo kabla yake.

Hapo ndipo pengo hujitokeza. Kazi nyingi za wachoraji waliouzia Gallery Watatu, iliyoanzishwa na watu watatu katikati ya jiji mwaka 1968, zilinunuliwa na wageni zikasafiri nao. Mmoja wa wachoraji hao ni Sane Wadu, aliyekuwa mwalimu, ambaye taasisi ya NCAI kando ya Limuru Road ilimfanyia maonyesho mwaka 2022. Kuandaa maonyesho kama hayo ni kusaka wenye picha, nyumba hadi nyumba.

Wachoraji kadhaa wa kizazi hicho wangali hai na wanaweza kuulizwa ni lini walichora nini. Jibu huandikwa kwenye kadi ya mchoro kwa penseli, pamoja na jina la aliyejibu na tarehe.