Utangulizi: Datsun ya Safari na Hilux ya Leo

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari, Afrika Mashariki, wakiwa na Datsun 240Z. Liweke gari hilo kando ya pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli, ile ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020, kisha uulize lipi bora. Karibu: umeshaingia katika historia ya teknolojia, na kazi yako ya kwanza ni kulinoa swali hilo.

Datsun ya kawaida, iliyouzwa madukani, ilikuwa na nguvu za farasi 150 hivi na uzito wa tani moja na kidogo. Hilux ina farasi 204, lakini inazidi tani mbili. Gawanya nguvu kwa uzito: mzee anashinda. Wanafunzi wengi huishia hapo. Mimi nakuomba upakie mahindi kwenye pikapu na kuikabili milima. Injini ya Hilux hutoa hadi nyutonimita 500 za nguvu ya kuzungusha ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Datsun hutoa kama 200, tena mpaka injini ipite mizunguko 4,000.

Wala usidhani gari jipya ni jipya kila mahali. Datsun hiyo ilikuwa na springi huru kwenye magurudumu yote manne. Hilux, nyuma, bado inakalia ekseli nzima na mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, mtindo uliokuwepo tangu enzi za magari ya farasi. Umebaki kwa sababu unabeba mzigo vizuri.

Ninachokipenda zaidi ni habari ya pumzi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kabureta za Datsun hazikuweza kulifidia hilo vya kutosha: petroli ilizidi, injini ikakosa nguvu, na fundi akalazimika kuzirekebisha na kuisikiliza injini upya. Kwenye Hilux, turbo huikandamiza hewa kabla haijaingia kwenye silinda, nayo kompyuta hupima dizeli kulingana na hewa iliyopo. Ujuzi uliokuwa masikioni mwa fundi umehamia kwenye sensa. Dereva amenufaika sana, hasa anayesafiri usiku mbali na gereji. Lakini ujuzi mwingi wa mafundi wale haukuandikwa ipasavyo, na wenye nao wanazeeka. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike kitabu hiki.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua sura ya kwanza, mtafute fundi aliyetengeneza kabureta miaka ya 1970. Muulize alitambuaje, bila kipimo chochote, kwamba petroli imezidi: kwa mlio, kwa harufu, au kwa rangi ya plagi? Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe, na majina ya vipuri kama anavyoyataja.