Askari aliyepewa medali bila kubeba bunduki



Tukitazama watoto wetu wa kiume wakicheza vita, tunaona jambo moja. Wanachonga bunduki za miti, wanapiga risasi kwa midomo, na aliyeanguka anaachwa chini mpaka mchezo uishe. Hakuna anayetaka kuwa yule wa kumwinua. Kwa hiyo juma hili tumetaka kuwapa hadithi ya kweli ya kuwasimulia jioni, ya askari aliyepewa medali kubwa kuliko zote za jeshi la Marekani kwa sababu ya kuinua watu.

Anaitwa Desmond Doss. Alizaliwa mwaka 1919 huko Lynchburg, katika jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa fundi seremala. Mama yake, Bertha, alikuwa Mwadventista Msabato aliyempeleka kanisani tangu udogo. Ukutani mwa nyumba yao palikuwa na picha ya Amri Kumi. Kwenye amri ya kutoua, mchoraji aliweka Kaini amesimama juu ya ndugu yake Abeli. Desmond mwenyewe alieleza kwamba kila alipoitazama alijiuliza ndugu anawezaje kufanya vile. Sisi walimu tunajua jambo hili: mtoto anaweza kusahau hotuba ndefu, lakini picha ya ukutani anakua nayo.

Vita vilipokuja, alikuwa akifanya kazi mahali pa kutengeneza meli, na kwa kazi hiyo angeweza kuachwa asiende. Alikataa kuachwa. Mwezi wa Aprili 1942 aliingia jeshini kwa sharti moja, kwamba atakuwa mwuguzi, hatagusa silaha. Tena siku ya Sabato, yaani siku ya posho, alitaka kuishika, ingawa kutunza wagonjwa hakukataa hata siku hiyo, kwa sababu Yesu naye aliponya siku ya Sabato.

Wenzake hawakumpenda. Alipopiga magoti kando ya kitanda kuomba, walimtupia viatu. Mmoja alimwambia kwamba wakifika vitani atahakikisha harudi hai. Wakubwa walitafuta njia ya kumtoa jeshini kama mtu mwenye ugonjwa wa akili, naye akakataa kuitwa mwendawazimu kwa ajili ya imani yake. Kapiteni wake, Jack Glover, naye alitaka ahamishwe kutoka kikosi chake.

Hapa mama mmoja kati yetu aliuliza swali ambalo hatutaki kulificha: je, huyu hakuwaacha wengine wamwage damu kwa niaba yake, yeye abaki na mikono safi? Ni swali zuri. Jibu letu ni kwamba mtu anayejificha nyuma ya dini hukaa mbali na risasi. Doss alienda na kikosi chake Guam, kisha Leyte huko Ufilipino, akitambaa kwenda kwa majeruhi mahali ambapo wenye bunduki waliogopa kufika. Mikono yake ilijaa damu ya wenzake kila siku.

Mwisho wa Aprili 1945 walifika kisiwa cha Okinawa, Japani, penye jabali la Maeda ambalo upande mmoja limesimama wima kama ukuta. Walipofika juu, mizinga ya adui iliwapiga, watu karibu 75 wakaanguka. Wengine waliteremka kujiokoa. Doss alibaki juu. Aliwabeba au kuwakokota majeruhi mmoja mmoja mpaka ukingoni, akawafunga kwa kamba yenye fundo alilojifunza mazoezini, akawateremsha kwa wenzao waliokuwa chini. Alisema baadaye kwamba kila alipomteremsha mmoja alimwomba Mungu amsaidie kumpata mwingine tena. Hiyo hesabu ya 75 ina hadithi yake. Wakubwa walisema aliokoa watu 100, yeye akasema hawakupita 50, basi wakakutana katikati.

Wale waliotupa viatu ndio waliogeuka. Kuna Sabato moja kikosi kilipaswa kupanda tena jabali, nao wakamwomba aende nao. Aliomba kwanza amalize kusoma Biblia na kuomba. Kikosi kizima kilimngoja. Na kapiteni Glover akiwa mzee alikiri kwamba mtu aliyetaka kumfukuza ndiye aliyemwokoa maisha.

Tarehe 21 Mei Doss aliumizwa miguu na bomu la mkono. Alijifunga vidonda mwenyewe, akangoja masaa matano kuliko kumtoa mwuguzi mwingine mafichoni. Walipokuwa wakimbeba kwenye kipoyi, aliona askari aliyeumia zaidi, akashuka na kuwaambia wambebe yule. Akiwa bado anangoja, risasi ilimvunja mkono. Alichukua kitako cha bunduki, akakifunga kwenye mkono ili mfupa usicheze, kisha akatambaa karibu meta 270 mpaka mahali pa matibabu. (Watoto hucheka hapa: ndiyo kazi pekee aliyoipa bunduki!)

Aligundua kwamba Biblia yake ndogo, zawadi ya mke wake Dorothy, imepotea vitani. Alituma neno, na wenzake wakapekua uwanja ule wa vita mpaka wakaipata, wakamtumia. Sisi tunaipa tendo hili uzito kuliko medali aliyovishwa na Rais Truman tarehe 12 Oktoba 1945. Medali ilitoka kwa serikali. Biblia ilirudishwa na watu waliowahi kumdhihaki kwa kuisoma.

Medali haikuponya mwili. Kifua kikuu kilimfanya apoteze pafu moja, na baada ya vita alikaa hospitali miaka mingi. Alifariki mwaka 2006.

Katika vita hivyo hivyo Wakongo nao walikuwako. Wengi wanakumbuka ushindi wa Force Publique huko Saïo, Ethiopia, mwaka 1941. Wachache wanajua kwamba Kongo ilituma pia hospitali ya vita mpaka Burma, na waliobeba majeruhi na kufunga vidonda humo walikuwa hasa wana wa Kongo. Koplo Albert Kunyuku, aliyetumika Burma, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa mwezi wa Juni 2022. Alikuwa na miaka 100. Vita vilikuwa vimekwisha tangu miaka 77! Wenzake wengi walizikwa bila mtu kuwaita mbele, na wake waliowalimia mashamba miaka yote hiyo hawakuitwa kabisa.

Kwa hiyo tunawaomba: kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha jeshi, picha au nishani ya babu aliyekuwa mwuguzi au mbeba kipoyi katika vita ile, msiiuze wala msiwape watoto kuchezea. Andikeni jina lake, kijiji chake na yale bibi aliyosimulia juu yake, mkabidhi katibu wa kikundi chenu. Tutayachapa hapa, jina moja kila juma.