Usajili usio na dirisha: kutoka shitingi ya Ngara hadi jezi ya taifa

MCHEZAJI wa kigeni akisajiliwa na timu ya Kariakoo, mambo mengi huyakuta tayari. Mashabiki wanampokea uwanja wa ndege, anavishwa skafu, anaoneshwa pa kulala. Kitanda kipo, jiko la gesi lipo, king'amuzi kipo. Kazi yake ni moja tu: mpira.

Kwa mlango huo waliingia Warundi Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza, na hawakutuangusha. Tambwe alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu akiwa Simba msimu wa 2013/14, akarudia akiwa Yanga 2015/16. Saido alitupia 17 msimu wa 2022/23, akalingana na Fiston Mayele kileleni.

Lakini wenzetu wa Ngara na Biharamulo kule Kagera wanaujua usajili mwingine. Huo hauna dirisha kubwa wala dogo, hauna wakala, na anayesajiliwa ni familia nzima.

NGUZO NNE NA SHITINGI

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Wengine walikuwa na godoro kichwani, wengine sufuria, wengine mtoto mgongoni basi. Wakatua Benaco, jina lililotokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na makazi yake hapo. Baadaye zikaongezeka kambi za Lumasi, Musuhura na Lukole, na Warundi nao wakaingia.

Nyumba ya ugenini ilianzaje? Familia ilipewa shitingi, yaani turubai la plastiki, pamoja na blanketi, sufuria na dumu la maji. Mwenye nguvu alikata miti akasimika nguzo, shitingi ikafungwa juu. Siku zikisonga, kuta zinakandikwa udongo. Nje mafiga matatu. Kadi ya mgao ndiyo ilikuwa mkataba wenyewe: ukiipoteza, mahindi, maharage na mafuta ya wiki hiyo utayasikia kwa jirani.

Wenyeji nao walilipa gharama. Misitu ya Ngara na Biharamulo ilikatwa kwa ajili ya nguzo na kuni, na mama aliyezoea kuokota kuni nyuma ya nyumba akajikuta anatembea saa nzima. Tusilifiche hilo, maana kupokea mgeni si maneno.

Ila kulikuwa na jambo moja lililorahisisha mambo. Kihangaza cha Ngara na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mgeni wakikutana kwenye chandimu, hakuna anayehitaji mkalimani. Ukiomba pasi kwa Kirundi, Mhangaza anakuelewa. Anayekunyima amekuona mchoyo tu, si lugha.

FILIMBI YA DESEMBA

Desemba 1996 filimbi ikapulizwa. Serikali na UNHCR walitangaza kuwa Wanyarwanda wote warudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Nyumba iliyojengwa kwa miaka miwili na nusu ikaachwa ndani ya wiki chache. Warundi wa Lukole walibaki hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008. Wengi wakarudi Burundi, wengine wakahamishiwa Kigoma kwa ile barabara ya kupitia Nyakanazi, Biharamulo. Wapo pia waliopelekwa Marekani kuanzia 2007, wale waliokuwa wamekimbia tangu 1972. Huko wakaanza upya kabisa: badala ya mafiga, jiko la umeme, badala ya kadi ya mgao, kodi ya nyumba kila mwezi.

Sasa mdau, hapa ndipo mpira unapoingia.

Februari 9, 2006, mtoto wa Kirundi alizaliwa mkoani Kigoma. Jina lake Nestory Irankunda. Familia yake ilihamia Australia akiwa bado mchanga, ikafikia Perth, kisha ikaweka makazi Adelaide. Kijana akakulia huko, akaanza kuichezea Adelaide United akiwa na miaka 15, Bayern Munich wakamnunua, baadaye akatua Watford ya Uingereza. Juni 2024 Australia iliichapa Palestina 5-0, naye akatia kambani bao lake la kwanza la timu ya taifa. Mechi ilichezwa wapi? Perth, mji uleule familia ilikoshushia mizigo.

Si yeye peke yake. Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Amewahi kusema kibanda alichozaliwa kilikuwa kidogo kuliko chumba chake cha hoteli. Juni 2022 alifunga penalti dhidi ya Peru, Australia ikaenda Kombe la Dunia Qatar, naye akasema hiyo ndiyo njia yake ya kuishukuru nchi hiyo kwa niaba ya familia yake.

Soma tena hapo. Hakushukuru kwa ajili ya akademi. Alishukuru kwa sababu watu wake walipata pa kukaa.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa timu ya taifa lazima awe raia kwanza. Kuzaliwa nchini, kuwa na mzazi au babu wa huko, au kuishi huko miaka kadhaa, hayo yanahesabiwa baada ya uraia. Kwa lugha ya mtaani: jezi hufuata karatasi, na karatasi hufuata nyumba.

Sisi si wageni wa jambo hilo. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwakabidhi vyeti vya uraia Warundi zaidi ya 150,000 wa mwaka 1972 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wao leo ni Watanzania, na uzi wa Taifa Stars ni wao kama ulivyo wangu na wako.

Kwa hiyo simlaumu Irankunda wala Australia. Ninachosema ni hiki: tukikuta kijana anakimbiza mpira wa makaratasi Ngara, Biharamulo au Kigoma, tusikimbilie kuuliza mguu wake wa kushoto ukoje. Tuulize kwanza analala wapi, na kama mwakani atakuwa bado yupo hapo. Mabao hufungwa ugenini na nyumbani, lakini mfungaji hulelewa nyumbani tu.